Kila Farasi kwa Bei Gani?

Katika orodha ya bei ya Corvette ya mwaka 1962, farasi hamsini wa kwanza wa nyongeza, wale wa kupimia nguvu ya injini, waliuzwa dola 53.80. Farasi ishirini wa mwisho waliuzwa dola 376.60. Gari ni lilelile, na injini ni ileile ya ujazo wa inchi 327, yaani lita 5.4 hivi. Ukizishika namba hizo mbili, nusu ya ushauri wangu umeshaupata bure.

Namwandikia mtu ambaye ameshaliona gari kwenye tangazo, moyo unamwenda mbio, na muuzaji amempa hadi Ijumaa. Watu wa namna hiyo wapo hata miongoni mwetu tuliohamia Marekani. Mtu amesomesha, amejenga nyumbani, sasa anataka kitu kimoja cha Jumapili, cha kufungua paa na kunguruma barabarani. Hana fedha za wakusanyaji wa magari. Ana akiba ya miaka mingi, na kosa moja linaweza kuimaliza.

Wengi huanzia kwenye rangi na viti. Nakuomba uanzie kwenye orodha ya bei ya kiwandani ya mwaka wa gari lako, kwa sababu kila kitu unachoombwa maelfu leo kiliwahi kuandikwa humo kwa dola na senti. Orodha hizo zimechapishwa upya katika vitabu vya wapenzi wa magari haya, na kitabu chenyewe hakizidi bei ya tangi moja la petroli.

Nyongeza ambazo hukuweza kuzikataa

Corvette ya kwanza ilitoka kiwandani Flint, Michigan, mwishoni mwa Juni 1953. Mwaka ule yalitengenezwa magari 300 tu, yote meupe, yote yenye viti vyekundu. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 3,498. Chini yake viliorodheshwa vikorombwezo viwili vya hiari: hita kwa dola 91.40 na redio kwa dola 145.15. Ila magari yote 300 yalitoka na hita na redio. Hiari hiyo ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Bei halisi ilikuwa dola 3,734.55, na hapo bado usafiri na kodi.

Mwaka 1954 kazi ilihamia St. Louis, na ujanja ukazidi. Bei ilishushwa hadi dola 2,774 na tangazo likapendeza. Lakini gia otomatiki ya hatua mbili, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa ndani ya bei, sasa iliandikwa kuwa nyongeza ya dola 178.35. Gia ya mkono haikuwepo kabisa. Basi ulilipia hiyo "nyongeza" au ulibaki na gari lisilo na gia. Weka na hita na redio, unafika dola 3,188.90. Bado ni nafuu kuliko 1953, lakini siyo ile nafuu iliyokuita dukani.

Nayasimulia haya kwa sababu wauzaji wa leo wanacheza mchezo uleule. Atakwambia, "Hili la '53 lina redio yake orijino!" kama vile anakupa zawadi ya Idi. Yote yalikuwa nayo. Ukiona sifa inapigiwa debe, uliza kwanza ni magari mangapi ya mwaka huo yalitoka bila hiyo. Kama ni sifuri, usiilipie senti.

Injini ya miaka hiyo miwili ni ya silinda sita, lita 3.9, farasi 150 mwanzoni, yenye kabureta tatu zilizolala ubavuni. Kuzifanya zote tatu zipumue sawasawa ni kazi ya fundi mwenye subira, na kwa saa anazotumia utamlipa vizuri. Umeme wake ni wa volti 6, kwa hiyo taa ni hafifu na betri ya dukani haikufai. Madirisha hayapandi wala kushuka. Kuna vipande vya plastiki vya kuchomeka mvua ikianza. Mlango hauna kitasa cha nje. Unaingiza mkono ndani na kujifungulia mwenyewe.

La 1953 waachie wenye makumbusho. Ukiipenda sura ile, tafuta la 1954, maana yalitengenezwa 3,640, mara kumi na mbili ya yale ya kwanza, kwa mashine ileile na pesa pungufu. La 1955 lilipata injini ya V8 ya lita 4.3 na umeme wa volti 12, nalo ni bora kuliko yote mawili, lakini yalitoka 700 tu na uchache huo umelipandisha bei hadi mimi na wewe hatumo.

Hesabu ya 1957

Madirisha ya kupanda na vitasa vya nje vilikuja 1956. Kwangu mimi gari la kutumia linaanzia hapo.

Mwaka 1957 injini ya V8 ilipanuliwa hadi inchi 283, lita 4.6. Kwa dola 3,176.32 ulipata kabureta moja na farasi 220. Ukitaka zaidi, kulikuwa na ngazi. Kabureta mbili na farasi 245 ziliongeza dola 150.65. Kabureta mbili pamoja na kemshafti kali zilikupa farasi 270 kwa dola 182.95. Juu kabisa ulikuwepo mfumo wa injekta, yaani petroli kunyunyizwa bila kabureta, kwa dola 484.20, ukichagua farasi 250 au 283.

Sasa gawanya. Aliyepanda hadi 245 alilipa kama dola 6 kwa kila farasi aliyeongeza. Aliyepanda hadi 270 alilipa dola 3.66. Aliyechukua injekta ya farasi 283 alilipa dola 7.69 kwa kila mmoja. Na yule aliyechukua injekta ya farasi 250, maskini, alilipa dola 16.14 kwa kila farasi. Alikuwa ananunua nembo ya kubandika ubavuni.

General Motors, kampuni inayotengeneza Corvette, ilijigamba kwamba imepata farasi mmoja kwa kila inchi ya ujazo, 283 kwa 283. Matangazo hayakusema kwamba mwaka mmoja kabla Chrysler ilishauza injini ya hiari ya inchi 354 yenye farasi 355. Na usisahau kwamba farasi wa zama hizo walipimwa injini ikiwa juu ya meza, haijafungwa ekzosi ya gari wala mizigo mingine ya kuzungusha. Kipimo cha injini ikiwa kamili, kama inavyokaa ndani ya gari, kilianza kutumika Marekani miaka ya mwanzo ya 1970, na namba zote zikaporomoka. Kwa hiyo mtu akikugombeza juu ya tofauti ya farasi 25 katika gari la 1957, muulize walipimwa wapi.

Injekta ilikuwa na shida zake. Siku ya joto, ukizima injini baada ya safari na kutaka kuiwasha tena, petroli ndani ya mabomba imeshachemka, na gari linagoma. Mafundi wengi wa zama hizo hawakuijua. Wenye magari walichoka, wakaing'oa, wakafunga kabureta ya kawaida, na ule mtambo ukatupwa stoo. Miaka ikapita, bei ikapanda, mitambo ikatolewa stoo na kufungwa kwenye magari ambayo hayakuzaliwa nayo. Kati ya Corvette 6,339 za 1957, zilizotoka na injekta ni 1,040, kama moja katika kila sita. Ukitembelea maonyesho utadhani ilikuwa nusu.

Kwa hiyo gari la injekta lihesabu kama manunuzi matatu: gari, mtambo, na ushahidi. Kama ushahidi haupo, lipa bei ya gari la kabureta na uongeze thamani ya mtambo kama spea iliyotumika, basi. Ukarabati wa mtambo huo unafanywa na mafundi wachache, husafirishwa kwa sanduku kwenda jimbo jingine, na bili yake huwa ya maelfu ya dola. Dola 484 za mwaka 1957 ni zaidi ya dola 5,000 za leo, na hata hizo hazitoshi kununua mtambo kamili.

Injini ya farasi 270 ndiyo iliyokuwa na bei nzuri kwa kila farasi, lakini tapeti zake zinahitaji kurekebishwa mara kwa mara na kabureta ni mbili. Kwa mtu wa Jumapili, mwenye jioni moja tu ya kushika spana, ningechukua ile ya kawaida ya farasi 220. Ukoo wa injini hizi ulifungwa kwenye magari ya familia na malori madogo kwa miongo mingi. Mwaka 2011 General Motors iliadhimisha injini yake ya milioni 100 ya ukoo huo. Gasketi, pampu ya maji, plagi, vyote unavipata katika duka la spea la mji wowote, na fundi wa mtaani anaijua kama anavyoijua njia ya kwao.

Gia ya mkono ya hatua nne ilikuja mwaka huo umeshaanza kusonga, kwa dola 188.30, na magari 664 tu ndiyo yaliyoipata. Ukikuta la 1957 lenye hatua nne, inawezekana sana ilifungwa baadaye. Hilo si kosa. Gari linatembea vizuri zaidi, na wewe hulipii uorijino. Ila hakikisha muuzaji naye haulipishi.

Ya 1958 hadi 1961 nayapita haraka. Taa nne mbele, kromu nyingi, injini ileile ya 283. La 1958 lina matundu ya bandia kwenye boneti na mikanda ya kromu juu ya buti; mwaka uliofuata vyote viliondolewa, na walioviondoa walifanya vyema. Sura hizo hazina mashabiki wengi kama ile ya 1957, na hiyo ndiyo nafuu yako. Kwa bei hiyohiyo utapata gari lililo katika hali nzuri zaidi.

1962: mwaka wa mnunuzi

Kama fedha zinafika Corvette, na unataka ile ya umbo la kwanza, nenda moja kwa moja kwenye 1962. Bei ilikuwa dola 4,038, injini mpya ya lita 5.4, farasi 250. Kwa dola 53.80 ulipata 300. Kwa dola 107.60 ulipata 340. Kwa injekta na farasi 360, dola 484.20.

Ngazi mbili za kwanza zilikuwa karibu na sadaka: dola 1.08 kwa farasi, kisha dola 1.20 ukihesabu tangu mwanzo. Kutoka 340 hadi 360 kila farasi aligharimu dola 18.83. Wanunuzi wa zama hizo hawakuwa wajinga. Magari 4,907 yalitoka na farasi 250, 3,294 na 300, 4,412 na 340, na 1,918 tu yakachukua injekta.

Chukua ile ya 300. Ina kabureta moja kubwa, na kabureta mpya za muundo uleule bado zinauzwa. Tapeti zake zinajirekebisha zenyewe. Za 340 na 360 zina mgandamizo wa 11.25 kwa 1, kiasi kwamba petroli bora ya kituoni leo inazitosha kwa shida. Ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo wakati wa kupanda mlima, ndiyo hiyo. Pia hizo mbili ziliuzwa na gia ya mkono tu. Ukiletewa gari la otomatiki linalodaiwa kuwa la farasi 340, muuzaji hajui anachouza, au anajua sana.

Mnunuzi makini wa 1962 angeandika hivi kwenye fomu: injini ya 300, gia ya hatua nne kwa dola 188.30, difu yenye kufunga magurudumu yote mawili yasiteleze kwa dola 43.05. Jumla dola 4,323.15. Gari la namna hiyo ndilo la kutafuta leo. Nyongeza ya dola 43 ile ndiyo inayolisaidia gari kutoka kwenye majani yenye umande, na wauzaji wengi hawaitaji kwa sababu haionekani ukisimama nje. Paa nalo lina hesabu yake. Ulichagua turubai au paa gumu bila kulipa zaidi. Ukitaka yote mawili, ni dola 236.75. Leo paa gumu lililopotea ni pigo la maelfu, kwa hiyo uliza lipo wapi kabla hujauliza kitu kingine, na ulijaribu kulifunga, maana mengine hayalingani na gari.

Na sasa yale ambayo hayakuwepo. Kabla ya 1963 Corvette haikuwa na pawa stelingi ya kiwandani. Kipoza hewa nacho kilianza 1963, kwa dola 421.80, na magari 278 tu kati ya 21,513 yalikipata. Breki za diski zilikuja 1965. Kabla ya hapo ni ngoma magurudumu yote manne, na ukishuka mlima mrefu zinachemka na kupoteza nguvu. Mtu akikuuzia gari la 1961 "lenye AC ya kiwandani", mmwage hapohapo.

Kibao cha injini

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Katika Corvette za zamani, hadi zile za 1971, namba ya chasisi haisemi gari lilitoka na injini gani. Inasema mambo kama mwaka na zamu yake kiwandani. Ushahidi uko kwenye kibao kidogo cha chuma mbele ya injini, upande wa kulia, palipogongwa tarehe ya kuunganishwa na herufi za aina. Kwa 1962, RC ni ya farasi 250 yenye gia ya mkono, RD ni 300, RE ni 340, RF ni ya injekta.

Kugonga herufi mbili kunahitaji nyundo na dakika kumi. Kwa hiyo usisome herufi peke yake. Angalia uso wa kibao. Mashine ya kiwandani iliacha mistari myembamba inayokwenda mbele na nyuma. Aliyechakachua hukipiga msasa kwanza, na mistari hufutika. Kisha angalia tarehe iliyomwagwa pamoja na chuma cha injini, nyuma: B 14 2 maana yake ni 14 Februari 1962, kwa sababu A ni Januari. Injini haiwezi kumwagwa baada ya gari kuunganishwa. Ukikuta hivyo, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwaka juzi nilimsindikiza jamaa yangu kukagua la 1962 lililotangazwa kuwa la injekta. Injini iling'aa kama sufuria jipya la harusi. Fundi tuliyemlipa aliinama na tochi, akapitisha kidole juu ya kibao, akaniangalia bila kusema neno. Kilikuwa laini kama kioo. Ada ya ukaguzi ilikuwa ya dola mia chache tu. Ziada iliyoombwa kwa sababu ya herufi zile mbili ilikuwa mara mia ya hiyo. Jamaa yangu alinung'unika njia nzima kuhusu ile ada.

Bodi yake ni ya faiba, haishiki kutu, na wauzaji hupenda kulisema hilo. Fremu iliyo chini ni ya chuma, na hiyo inaoza kama fremu yoyote. Lala chini na bisibisi, gusagusa sehemu ya nyuma ya magurudumu. Bisibisi ikizama, nyanyuka uende zako.

Kama fedha hazifiki

Corvette ya 1958 hadi 1962 inayotembea vizuri, isiyo ya maonyesho, mara nyingi huanzia dola 50,000 na kupanda. Ukiwa na nusu ya hizo, kuna njia mbili za heshima.

Ya kwanza ni Ford Thunderbird ya viti viwili, 1955 hadi 1957. Mwaka 1955 iliuzwa dola 2,944, na yalitoka magari 16,155 wakati mpinzani wake alitoa 700. Ilikuwa na V8 tangu siku ya kwanza, madirisha ya kupanda, paa gumu ndani ya bei, na ukitaka, pawa stelingi na breki za pawa. Ni gari la starehe kuliko la mashindano, na kwa mgongo wa mtu wa miaka hamsini hilo si tusi. Nyingi hupatikana kati ya dola 25,000 na 45,000. Bodi yake ni ya chuma, kwa hiyo nenda na sumaku, ipitishe chini ya milango na kuzunguka matairi. Isiponasa, kuna puti chini ya rangi. Injini yake ina ugonjwa unaojulikana wa mafuta kutofika vizuri juu kwenye vali. Ukisikia tiki-tiki ya kudumu juu ya injini hata ikiwa imepata moto, punguza bei au acha. La 1957 lina nafuu moja kubwa: herufi ya kwanza ya namba ya chasisi ndiyo injini. C ni ya inchi 292, D ni 312, E ni 312 yenye kabureta mbili, F ni yenye supachaja. Za E na F ni za wenye fedha. C na D zinakutosha.

Njia ya pili ni Mustang. Wapo watakaoniambia hilo si gari la spoti. Sawa, lakini pochi yako haijui tofauti. Lilizinduliwa 17 Aprili 1964 kwa dola 2,368, na ndani ya mwaka mmoja yaliuzwa zaidi ya 400,000. Bei hiyo ilikuwa ndoano. Orodha ya nyongeza ilikuwa ndefu kama ya mahari, na faida ya Ford ilikuwa humo.

Kwa la 1965, herufi ya tano ya namba ya chasisi inakwambia injini. T ni silinda sita ya lita 3.3, farasi 120. C ni V8 ya lita 4.7 yenye farasi 200. A ni 225. K ni 271, na bei yake leo ni hadithi nyingine. La silinda sita linalotembea hupatikana chini ya dola 20,000, linakunywa petroli kwa adabu, na ni rahisi kulitengeneza uani.

Mtego ni huu: watu hununua la silinda sita kwa nia ya "kuweka V8 baadaye". Hesabu nati za gurudumu. La silinda sita lina nne, la V8 lina tano, na nati hiyo moja inasimama badala ya breki, difu, springi, na sehemu za usukani, vyote vya kubadilishwa. Ukimaliza umelipa zaidi ya bei ya la V8 lililokamilika, na hati bado inasema T. Ukitaka V8 nunua C tangu mwanzo. Na kabla hujatoa fedha, chukua chupa ya maji, mimina kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, kisha tazama kwenye miguu ya abiria. Sakafu ikilowa, kutu iko mahali ambapo welda atakutoza siku nyingi kupafikia.

Bili ambazo hazimo kwenye tangazo

Ukinunua mnadani, kuna ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, mara nyingi asilimia 10 hivi. Kodi ya jimbo inafuata. Kusafirisha kwa lori lililofunikwa ni ghali kuliko la wazi, na gari la faiba lenye rangi mpya linastahili la kufunikwa.

Bima za magari ya zamani ni nafuu, lakini soma masharti: nyingi hudai gari lilale ndani ya gereji, uwe na gari jingine la kila siku, na usivuke maili fulani kwa mwaka. Hakikisha mmekubaliana thamani kwa maandishi. Bila hivyo, likigongwa utalipwa kama gari kuukuu la kawaida.

Tairi zinaweza kuwa na kashata nzima na bado zimekufa. Soma tarakimu nne ubavuni: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za pembeni nyeupe za saizi ya zamani hazipo kila duka, na seti moja inaweza kula bajeti ya breki. Petroli yenye ethanoli, ambayo ndiyo ya vituo vingi Marekani, inaharibu mipira ya zamani. Badilisha mabomba yote ya petroli wiki ya kwanza, kabla hayajavuja juu ya ekzosi ya moto.

Kuna anayeniuliza kila mara kama anaweza kulituma nyumbani akistaafu. Kanuni ya kawaida ya Kenya inazuia gari lililopita miaka minane na gari lenye usukani wa kushoto, na haya yote yana vyote viwili. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa, na usukani utakuwa upande wa mtaro. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha kulia, kwa hiyo usukani si tatizo, ila ushuru na barabara uulizie mapema. Uliza mamlaka ya mapato kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi, ndipo ulipie kontena. Gari lililokwama bandarini Mombasa linakula ada za kuhifadhiwa kila siku, na wakala wa forodha hatakusubiri hadi Ijumaa.